Viti Themanini vya Mama Stoo

Jirani mmoja aliwahi kuuliza: mtu akiuza makochi yake ili anunue rangi ya kupaka viti vya serikali, wageni wakija watakaa wapi?

Aliyeulizwa ndiye tunayemsimulia. Mtaani walimwita Mafuta, kwa kuwa maneno yake yalipenya hata palipobana. Siku moja alisoma tangazo ukutani mwa wizara: vinatakiwa viti themanini vipya. Akachungulia nyuma ya stoo ya wizara hiyo, akaona viti themanini vibovu vimerundikwa, vingine havina mguu, vingine vimepasuka matumbo. Moyo ukamruka kama mbuzi aliyeona shamba halina mlinzi.

Akamwendea mtunza stoo, mama mjane, mtu wa sala, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Hata vibovu hivyo vilikuwa dhamana yake: kikipotea kimoja, bei yake inakatwa kwenye kiinua mgongo chake.

"Shikamoo, Mama Stoo. Mimi fundi. Uchafu huu unakuharibia ua. Nikuondolee?"

"Marahaba, baba. Kwa bei gani?"

"Bei? Kwa mama yangu? Bure kabisa!"

"Mungu akuzidishie. Ila cha serikali hakivuki geti bila hati. Tia sahihi, nakala tatu."

Mafuta akatia sahihi tatu zenye mikia mirefu. Kusoma? Kusoma ni kwa wasio na haraka.

Nyumbani makochi yakauzwa, mke akahamia mkekani. Zikanunuliwa mbao, sponji, rangi na nailoni ya kufungia. Zabuni nayo akaipata, maana Mkuu wa Ununuzi aliahidiwa kasehemu kake, na alikuwa mtu wa kupenda vijisehemu.

Wiki tatu baadaye lori likaingia. Mafuta kavaa tai, miwani nyeusi, na anaongea kwa pua.

"Mzigo mpya kutoka ng'ambo, mama. Nigongee muhuri."

Mama Stoo akashika kiti kimoja, akakipindua. Watu hukalia viti. Nani huviangalia chini? Huko, ndani ya rangi mbichi, zilionekana namba alizozichonga mwenyewe kwa msumari.

"Arobaini na moja! Umerudi mwanangu? Na umenenepa!"

"Mama, hata viwanda vya ng'ambo vina namba zao..."

Mama akafungua faili, akasoma taratibu kama anayesoma kitabu kitakatifu: "'Viti themanini. Vimechukuliwa na fundi kwa matengenezo. Bila malipo.' Mkia huu wa sahihi ni wa nani, baba?"

Mafuta akamgeukia Mkuu wa Ununuzi, aliyekuja kushuhudia. "Bosi, sema basi!"

"Mimi?" Mkuu akarudi nyuma hatua mbili. "Wewe nakuona leo. Asante sana, fundi."

"Miaka mitatu," alisema Mama Stoo, "nimeandika barua kuomba fundi wa viti hivi. Nikaacha barua, nikapiga magoti. Mungu naye kaniletea fundi, tena mwenye tai."

Akagonga muhuri: VIMERUDI VIZIMA. Kisha akamsogezea namba arobaini na moja.

"Umechoka, baba. Kaa kidogo."

Mafuta akakitazama kile kiti, akaukumbuka mkeka wa nyumbani, akatoka.