Sauti Ndani ya Helmeti

Jumatatu, 7 Oktoba

Imefika! Helmeti yenye blututhi, kutoka Dar, kwa basi, imefungwa ndani ya boksi la biskuti. Nyeusi, inang'aa. Kijiwe kizima cha bodaboda hapa stendi ya Nachingwea kimesimama kuitazama. Bilali peke yake hakusimama. Alijifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake. Mnyororo mpya!

Edwin, fundi simu, ameiunganisha na simu yangu. Akaeleza mengi: namna ya kuchaji, kitufe kiko wapi, kwamba simu ikiita helmeti inapokea yenyewe ili dereva asiachie usukani. Sikusikiliza sana. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo cha duka lake.

Watu wanadhani nimeinunua kwa maringo. Waendelee kudhani. Ukweli nauandika hapa tu. Mimi Kaimu, dereva wa boda, mwanamume mzima mwenye ndevu, naogopa pori la njia ya Lionja. Naliogopa mno. Msimu huu tembo wanapita mle, wanafuata mabibo ya mikorosho yaliyoiva. Nikifika kona ya kwanza tu, mikono inalowa jasho hadi klachi inateleza.

Na Lionja siwezi kuikwepa, maana ndiko kwa Mzee Swalehe, baba yake Zuleha. Zuleha ni fundi cherehani Ruangwa, na ndiye ninayetaka kumuoa. Mjomba wangu Amri alipeleka posa tangu mwezi wa nane. Mzee Swalehe akakohoa. Ana kikohozi chake kirefu, kikavu, cha ugoro, na akishakohoa ndipo anasema hapana. Akasema shamba lake limepakana na pori, hana mtoto wa kiume, kwa hiyo anataka mkwe mwenye moyo. Akamtaja Bilali, ambaye mwaka jana alifukuza tembo kwa honi.

Mpango wangu ndio huu. Nikiwa porini nampigia Zuleha. Sauti yake ikiwa sikioni, sitasikia kitu kingine. Akili hiyo!

Jumanne, 8 Oktoba

Nimewasha helmeti asubuhi. Mwanamke akaniambia kitu kwa Kichina, ndani kabisa ya sikio. Nimeivua nikaitupa kitandani na kusoma Ayatul Kursi. Mama akauliza kuna nini. Nikasema nyoka. Akaja na jembe, nusura aipasue. Baadaye Edwin kaniambia mwanamke huyo anasema tu kwamba mtambo umewaka. Si angesema kwa Kiswahili!

Abiria wa kwanza alikuwa Mama Prisca wa Mtua, na tenga lake la kuku. Nikampigia Zuleha kwa majaribio. Hatujafika mbali Mama Prisca akanigonga mgongoni, anataka kushuka. Kasema yeye amepatana na dereva mmoja, hawezi kupanda na mtu anayejibizana na wasioonekana. Nikamweleza habari ya blututhi. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Kateremka na kuku wake na kuondoka kwa miguu, kila mara akigeuka kuhakikisha simfuati.

Si kitu. Mchana nimevuka pori! Zuleha alinisimulia habari ya zipu iliyokataa kupanda kwenye gauni la mteja, kona zote, hadi nyumba za kwanza za Lionja zikaonekana. Akauliza mbona napumua kwa nguvu hivyo. Nikasema ni mapenzi. Akasema haya. Jioni nikirudi nikampigia tena, kona ileile, na kesho nitampigia.

Alhamisi, 10 Oktoba

 Mwandiko wa leo ni mbaya, nisamehewe.

Leo Zuleha hakupokea. Ana sare za shule za kumaliza. Nami nilikuwa nimeshaingia porini! Kurudi siwezi, Bilali ameniona nikiondoka. Nikafungulia muziki wa singeli, sauti ya mwisho. Macho nikayakaza kwenye tairi la mbele. Nikaimba. Nikaimba kwa nguvu zote, ili hofu isipate pa kukaa.

Katikati ya pori nikaona watu watatu juu ya kichuguu, wananipungia mikono yote miwili. Nikajua wameipenda helmeti. Nikawapungia, nikaendelea kuimba.

Nilipofika Lionja, watu wamesimama barabarani, mikono kichwani. Tomasi, mkulima jirani wa Mzee Swalehe, akaja nyuma yangu na baiskeli, hana kiatu kimoja. Ni mmoja wa wale wa kichuguu. Akasema nimepita katikati ya tembo. Kundi zima, kulia na kushoto, wanakula mabibo, jike mmoja ana mtoto. Kasema yule jike alitanua masikio na kupiga kelele nyuma yangu, miti ikatikisika, na mimi sikugeuza hata shingo. Kasema nilikuwa naimba!

 Sikuweza kushuka kwenye pikipiki. Nilikaa pale juu, kimya, natazama mbele, nimeng'ang'ania usukani. Wakasema tazama, hana hata makuu.

Nimerudi Nachingwea nyuma ya roli la mihogo. Nimemwambia dereva naokoa mafuta kwa kukwepa upepo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mji mzima una habari. Kwenye kijiwe wamenipa benchi la kivulini, lile la Bilali. Wakataka nisimulie. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nasikiliza singeli? Nikasema yule jike aliniangalia, nami nikamwangalia, akapisha. Ikapendeza. Kufika saa za chai nilikuwa nimemwambia asogee. Kufika alasiri nilikuwa nimemgusa sikio, na lilikuwa na joto.

Bilali akauliza sikio lipi. Nikasema la kushoto. Akauliza nilikuwa napita upande gani. Mwenye wivu hakosi maswali.

Jioni Mzee Swalehe kapiga simu, mwenyewe, kwa mkono wake! Hakukohoa. Kaniita mwanangu. Kasema Jumapili niende, wazee watakuwepo, Mjomba Amri atatangulia, na Zuleha atatoka Ruangwa. Posa itajibiwa. Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye mlango.

Kisha nikakumbuka njia ya kwenda Lionja ni ipi. Chakula kimenishinda. Mama amenipikia uji wa mgonjwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimefunga mlango. Mama anabisha. Sitafungua.

Nimeondoka alasiri, kanzu mpya, kofia ya kufuma chini ya helmeti. Zuleha nisingeweza kumpigia. Binti hashiki simu siku posa yake inajibiwa, amekaa ndani na wanawake. Singeli nayo niliiogopa, maana ndiyo iliyonipitisha katikati ya tembo bila habari. Safari hii nilitaka kusikia. Nikapunguza sauti ya helmeti mpaka mwisho, nikaingia porini na masikio yangu mwenyewe.

Kumbe masikio yangu ni mabaya zaidi. Kila jani lilikuwa mguu. Harufu ya mabibo yaliyochacha imejaa njia nzima. Nilijua wako karibu, nilijua kabisa. Mahali fulani helmeti ikalia ti. Sikuijali.

Kona ya tatu. Jua liko usoni. Akawa pale! Wa kijivu, mrefu kuliko nyumba, ameziba nusu ya barabara. Masikio yanapepea. Pikipiki ikazimika. Nikapiga kiki, wapi.  Niliona kaburi langu, na Bilali ameshika sepetu.

Basi nikasema naye. Nilimwamkia shikamoo. Nikamwita Bibi. Nikamwambia mimi ni yatima, hali mama yangu yuko Nachingwea anatwanga. Nikaungama kwamba ile habari ya kumgusa sikio ni uongo mtupu, nilikuwa naimba, sikuona kitu, namwomba radhi yeye na ukoo wake. Nikamwelekeza shamba la akina Bilali, kule Chiola, kwamba mabibo ya kule ni matamu zaidi. Masikio yakazidi kupepea. Nikalia kwa sauti. Nikasema kama ni lazima achukue mtu, amchukue hata Zuleha, aniache mimi.

Tembo akauliza kama nina spana namba kumi na nne.

Utingo akatoka chini yake, mafuta usoni. Roli! Roli la korosho limekatika springi, na turubai lake la kijivu limefunguka kamba, upepo unalipepeza huku na huku. Nikamwambia utingo nilikuwa nafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Spana nikampa, sikungoja arudishe.

Nimefika Lionja nikiimba. Nimeshuka. Nimetoa salamu. Aliyeitikia ni mbuzi.

Wazee wamekaa kwenye mikeka. Mjomba Amri anaangalia kandambili zake. Katikati ya mkeka kuna simu ya Mzee Swalehe, imewekwa lauspika. Alikuwa amenipigia kuuliza nimefika wapi, ili wapakue pilau. Helmeti ikapokea yenyewe! Wamesikia yote, toka shikamoo mpaka spana.

Mzee Swalehe akakohoa. Kirefu. Kisha akaniuliza kama Bibi aliitikia. Wazee wakaanguka kwa kicheko, mmoja akauma kofia yake. Lakini nyuma ya pazia, walipokaa wanawake, hakuna aliyecheka. Pazia halikutikisika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikulala. Asubuhi nimekwenda Ruangwa dukani kwa Zuleha. Mlangoni nimezunguka sana, mpaka muuza maandazi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Alikuwa anashona, hakuinua uso. Kasema kuogopa kwangu amekujua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa napiga simu nikifika palepale, na kila akimaliza sentensi ananisikia nasoma Ayatul Kursi. Alikuwa anaacha kazi za watu aniongeleshe mpaka nivuke. Ile habari ya zipu aliitunga. Zipu haikuwepo.

Nikasema kumbe unajua, basi hakuna tatizo. Akasimamisha cherehani. Akasema mwanamume mwoga anaweza kuishi naye, nyumba ina mlango na mlango una komeo. Mwanamume anayemgawa kwa turubai ndiye hajui afanye naye nini. Machozi yalikuwa yamemlenga. Nilitamani yule awe tembo kweli.

Baadaye akanieleza yaliyotokea nilipoondoka. Mzee alikuwa anataka kumpigia Bilali papo hapo. Mama yake Zuleha, Bi Rabia, akatoka nyuma ya pazia akamkumbusha mbele ya wazee kwamba mwaka jana tembo walipoingia shambani, yeye Swalehe alipanda juu ya magunia ghalani na kufunga mlango, yeye Rabia akiwa nje anapiga sufuria kuwafukuza. Mzee akairudisha simu mkekani, bila kukohoa.

Kwa hiyo nimepewa nafasi. Jumatano nirudi, niseme mbele ya wazee kwa mdomo wangu: niliogopa, nilidanganya, nisamehewe. Basi. Hakuna cha kuongeza. Nikidanganya tena, Bilali naye ameshapeleka posa, na mjomba wake Zuleha ameshaisikiliza.

Nikiondoka akanikumbusha niizime ile ya kupokea yenyewe. Nikamwapia. Nikamwapia kila kitu. Njia nzima nimelia kwa furaha, na kioo cha helmeti kikajaa ukungu, nikaingia mtaroni kidogo.

Jumatano, 16 Oktoba

Naandika nikiwa chini ya mkorosho, mwanzo wa Lionja. Pori nimelivuka! Peke yangu! Sikuogopa kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya.

Helmeti nimeirekebisha mwenyewe asubuhi. Nimekibonyeza kile kitufe kwa muda mrefu, yule mwanamke akasema neno refu la Kichina. Lazima maana yake ni imezimwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nimeupima ule ukweli njiani, nikauona mfupi mno. Niliogopa, nilidanganya, nisamehewe. Maneno yameisha, wazee bado wanakutazama! Mtu hawezi kusimama mbele ya wakwe na kitu kidogo hivyo. Nimetunga bora. Nitasema nilijua tangu mwanzo kwamba ni roli. Nilikuwa nimesikia kuna wezi wa korosho wamejificha porini, nikajifanya nalia ili watoke niwakamate. Zuleha nilimtaja kama chambo. Namba za roli nitazitunga.

Nimeikariri kwa sauti toka kona ya kwanza. Mara ya kwanza nilisitasita penye wezi. Mara ya pili helmeti ikalia ti, ni chaji hiyo, nikaendelea. Mara ya tatu ilitoka safi kabisa, nikaiga na sauti ya Mzee akiomba radhi. Nikamjibu kwamba aliyepanda juu ya magunia hana haki ya kumuuliza mwenziwe habari za tembo. Nimecheka peke yangu hadi pikipiki ikayumba.

Naona mikeka imetandikwa. Naona watu wameinamia kitu katikati. Zuleha amesimama mlangoni, kanga kichwani, mkono mdomoni. Atakuwa ananingoja kwa hamu.

 

Sasa hivi mtu amekohoa ndani ya helmeti. Kirefu, kikavu. Hizi helmeti za Kichina zina sauti nyingi. Nimeikaza mkanda vizuri. Naingia.