Wasichana wa Kuazima

Jumatatu, 15 Juni

Nimekwisha! Makao makuu ya Melbourne wamepiga simu. Mkaguzi anakuja Jumamosi kutazama wasichana wetu wakicheza. Akiridhika, fungu la kukuza mpira wa Kiaustralia wa vijana hapa Tasmania, ule wa kudaka kwa mikono, kukimbia nao na kuupiga teke, linabaki mikononi mwetu, yaani mwangu. Asiporidhika, fedha na madaraka vyote vinakwenda kwao, na mimi, Lindsay Pybus, meneja wa maendeleo, nakwenda kuishi kwa mama mkwe. Wasichana ninao watatu. Mwaka jana nilijigamba kwamba uwanja hauwatoshi.

Jumanne, 16 Juni

Sikulala. Lakini nimepata wazo! Kiwanja cha netiboli kiko nyuma ya vyoo vyetu, na kimejaa wasichana. Nikamwendea kocha wao, Gwenda Spotswood, ninayegombana naye kila msimu juu ya taa na maegesho. Nikamwomba aniazime timu mbili zicheze zenyewe kwa zenyewe, Jumamosi tu. Akacheka mpaka akashika nguzo ya goli. Akauliza, siku ile nilipowazimia taa katikati ya mechi, nilidhani wanaona gizani kama paka? Nikampa maegesho yote ya karibu, pamoja na soseji za bure. Akakubali. “Ila ukiumbuka, usije kunililia mimi, baba.”

Alhamisi, 18 Juni

Mvua. Hakuna mazoezi. Mpira ni mpira, najiambia. Simu ikilia, naruka. Mke wangu Bronwyn anashauri nimwambie mkaguzi ukweli. Ana utani sana, Bronwyn.

Jumamosi, 20 Juni

Loo! Mkaguzi ni Bi Marita Zanetti. Mrefu. Hacheki. Magari yameuzunguka uwanja, tayari kupiga honi goli likiingia. Filimbi! Mpira juu! Msichana wa kwanza akaudaka vizuri ajabu. Akasimama. Mguu mmoja umeganda chini. Mpinzani naye akasimama mbele yake, mikono juu, kwa adabu kabisa. Uwanja wote ukaganda. Nikapiga kelele akimbie nao. Wakanitazama kama nimewatukana, wakajibu kwa pamoja kwamba kukimbia na mpira ni faulo!

Magari kimya. Honi moja tu ikalia, ya Gwenda. Bi Zanetti akauliza, taratibu, nani amewafundisha hawa. Niliogopa mno. Kidole kikanyooka chenyewe kuelekea gari la Gwenda.

Jumapili, 21 Juni

Bi Zanetti amepiga simu. Nusura nijifiche chooni. Anasema hajaona mikono inayodaka vile, kukimbia kutafundishwa. Fungu linabaki Tasmania! Nikambusu Bronwyn. Ndipo Bi Zanetti akaongeza: chini ya Gwenda. Mimi ni msaidizi. Gwenda ameshaniagiza kazi ya kwanza: taa.

Jumatano, 24 Juni

Gwenda kaja ofisini, mweupe kama chaki. Wasichana wote wamenogewa na kuupiga mpira mateke, hakuna anayetaka netiboli tena. Na mkaguzi wa netiboli wa jimbo anakuja Jumamosi! Akiona kiwanja kitupu, wanakifunga. Lakini nikamwambia bosi atulie. Wavulana ninao tele. Sketi nimeshapata. Bronwyn tu ndiye anayenikwamisha: ameficha wembe, na miguu ya vijana hawa ina manyoya kama kondoo.