Meno ya Mbwa wa Kijiji cha Seng'enge

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika, Bwana Inspekta, machifu, mashehe, wazee wa Isiolo na Ngaremara, akina mama, na yeyote ambaye cheo chake hakijapita mezani pangu! (makofi ya askari wawili)

Mimi, M'Ikiara, Afisa Mkuu Msaidizi wa Meno ya Wanyama wa Nyumbani, nimesimama mwaka huu wa 1967 ndani ya seng'enge mlimokusanywa kwa ajili ya vita na waasi wa mashifta, kuwatangazia kwamba baada ya semina tisa nimegundua, bila kusaidiwa na mtu, kuwa asilimia tisini na moja ya mbwa wenu wananuka mdomo, jambo la aibu kwa taifa changa. (watu wanatazamana)

Kwa hivyo, chini ya Programu ya Kumaliza Ukoga, mbwa watasuguliwa meno kitaalamu, na geti litafunguliwa mbuzi wenu wakanywe mtoni mara tu nitakapotia sahihi vyeti vya mbwa wote sitini na wawili waliosajiliwa. (mbuzi wanalia) Mzee Golicha, panua mdomo wa mbwa wako, umsugue na huo mswaki wako wa mti. Mbona husogei?

(Mama Kabale anasimama: "Bwana mkubwa, sisi ni Waislamu. Mate ya mbwa ikitushika tunaosha mara saba. Mtungi yangu iko kavu siku tatu, na mbuzi yangu inakufa. Hiyo maji ya kuosha iko wapi?" Watu: "Mwambie!")

Swali la kitaifa, mama! Maji yako mtoni, mto uko nje ya geti, geti linangoja vyeti, vyeti vinangoja meno, na meno yanawangoja nyinyi. Yaani huu mpango hauna pengo hata moja. (mbuzi wa Kabale anaanguka) Na huyo mbuzi apongezwe kwa utulivu.

Semeni nami: Mbwa safi! Taifa safi! ("Maji!")

Asanteni. Namshukuru daktari wa meno ya mbwa, ambaye hatujampata kwa kuwa hatujamtafuta. Naishukuru kliniki, ambayo ni meza hii ninayoiegemea. Na zaidi namshukuru mbwa wa Mzee Golicha kwa kuhudhuria peke yake, maana wale sitini na mmoja niliamuru wapigwe risasi Jumatatu kwa kubwekea gari langu, na cheti, kisheria, hakitolewi bila meno kukaguliwa.

Askari, funga geti vizuri.