Kisanduku cha Joto Uani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Mkamwana kaniletea chai kitandani. Sukari tele! Tangu aolewe hajawahi. Nikajua kuna jambo. Mchana kaja na mwashi, wanapima uani kwa hatua. Anataka kujenga saluni. Kwenye ua wangu, nami ningali hai! Nikamwambia hajengi kitu. Watu wa hali ya hewa walipoweka pale kile kisanduku cheupe cha kupimia joto, enzi za marehemu mume wangu, walikataza ujenzi karibu yake. Mwanangu kasikia yote, kanyamaza. Nilimzaa na ulimi, sijui aliuacha wapi.

Jumanne, 4 Machi
Kaja binti wa hali ya hewa, miwani mikubwa kuliko uso. Kasema wanapima nchi yetu inavyoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, mwaka hadi mwaka. Ati nchi maskini huumia upesi. Nikamuuliza nani kamwambia sisi maskini. Akacheka. Sikukipenda kicheko kile. Kisha akatoa la moyoni: vifaa havitoshi. Visanduku vitabaki penye mabadiliko ya kuonekana, na changu kimetulia mno. Jumamosi atachukua vipimo, aamue.
Kumbe! Kisanduku kikitoka, saluni inaingia. Nani kamwita binti huyu? Mkamwana alikuwa anafagia karibu. Huyo hafagii bure.

Jumatano, 5 Machi
Wanataka joto? Watalipata. Nimehamishia jiko la mkaa chini ya kisanduku. Maharage asubuhi, maharage mchana. Jirani yangu, namwita Bi Shingo kwa kuchungulia kwake, kauliza kutoka ukutani kama nimefukuzwa jikoni. Nikamwambia kila pua ibaki kwao. Kanipa pole. Pole ya nini? Anakimezea mate kisanduku.

Alhamisi, 6 Machi
Moshi umenitoa machozi, mkaa umekwisha. Lakini akili haijaisha! Kuku wangu mweusi anaatamia. Kuku anayeatamia ni tanuri lenye mabawa. Nimemtia ndani ya kisanduku na mayai yake, nikafunga kikulabu. Asante ya punda ni mateke. Ya kuku nimeipata kidoleni.
Mkamwana kauliza kuku yuko wapi. Nikasema kaibiwa, huku nikitazama kwa Bi Shingo. Nilisema kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu gani hii! Bi Shingo kaja kudai nimwombe radhi. Wakati huohuo binti kafungua kisanduku. Kuku karuka, kaangusha miwani. Bi Shingo kacheka hadi kakaa chini. "Mwizi huyo, shoga! Mfunge kamba!"
Binti kasoma vipimo, kavisoma tena. Kwa adabu kaniambia, Bibi, kwa ua huu nchi imepata joto kubwa juzi na jana kuliko walilotazamia hata enzi za wajukuu. Nikamwambia, si ulitaka mabadiliko ya kuonekana? Kasema sasa hata vipimo vya zamani vya hapa vitatiliwa shaka. Kisanduku kinahamia kwa Bi Shingo. Nilisema mimi!
Mimi sina kosa. Kuku angetulia, nani angejua?

Jumanne, 11 Machi
Matofali yamefika. Mkamwana anaimba. Mwanangu naye kaupata ulimi leo, na neno la kwanza ni "Mama, tulia."
Sitatulia. Nimemfuata binti kwa Bi Shingo, anafunga kisanduku, nikamhoji. Ana siri nyingi yule. Kasema wanatafuta pia visima vinavyokauka. Wakipata kimoja, wanaweka bomba la kupimia, na hakuna ruhusa ya kujenga karibu. Ijumaa watapita nyumba kwa nyumba.
Kisima changu kiko hapa hapa, ubavuni mwa matofali. Kwa bahati mbaya kimejaa. Tangu nirudi nachota, namwaga barabarani. Mgongo unalia, lakini maji yameanza kushuka. Mkamwana kauliza tutakunywa nini. Amezidi maswali, na mwenye maswali mengi ana lake jambo. Kisima kikikauka, tumepona.