Mke Wangu wa Madaba

Jumatatu, 9 Oktoba
Joto tamu. Lizaboni nzima imepagawa na kiangazi. Spika ziko nje, kina mama wanasukana barazani na kucheka bila sababu. Jumapili ni mechi ya mtaa: waliooa dhidi ya makapera. Hakuna kujificha. Beki wa waliooa ni Otto wa bucha. Mwaka jana alimfyeka Yohanes, hadi leo anachechemea. Mimi kapera. Tena karani wa masjala! Miguu yangu myembamba. Sikula.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimepata! Pankrasi, nahodha wa makapera, alipopita na orodha nilimwambia mimi nimeoa. Mke yuko kwao Madaba, anamuuguza mama yake. Alinitazama sana, kisha akanifuta. Sasa Otto ni mwenzangu. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 11 Oktoba
Habari ilifika bombani kabla yangu. Mama Notburga, mwenye nyumba, alisema alijua tu: kapera gani anapiga pasi soksi? Sawa. Lakini Careen! Careen fundi cherehani, ambaye tangu Agosti nakata vifungo vya mashati yangu ili nimpelekee ashone. Leo alinirudishia shati vilevile, kifua wazi. Alisema vifungo ni kazi ya mke.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimewaza siku mbili. Kukiri? Otto bado yuko uwanjani. Talaka? Sisi Wakatoliki, na Careen anaimba kwaya. Imebaki njia moja ya heshima. Asubuhi nilimnong'oneza Mama Notburga kwamba mke wangu amefariki. Nikamwomba asimwambie mtu, ila Careen.
Alipiga yowe, spika zote zikazimwa.

Jumamosi, 14 Oktoba
Mechi imeahirishwa! Uani mikeka, sufuria, drafti. Watu wanalia vizuri, kisha wanasimuliana vichekesho, maana kiangazi ni kiangazi. Pankrasi alitoa pole, halafu akauliza kwa upole kama mgane anahesabiwa kapera. Shetani! Careen ameshona vifungo vyote, hata vya shati ambalo sikulikata vifungo. Mambo yananyooka kuliko nilivyopanga.
Jioni Otto alikuja, macho mekundu. Alisema mdogo wangu, mwanaume hamziki mkewe peke yake. Canter lake la nyama litabeba mtaa mzima hadi Madaba. Nilisema ni mbali. Alisema msiba hauna mbali. Nilisema huenda wameshazika. Alisema basi tutalilia kaburi.

Jumapili, 15 Oktoba
Saa moja asubuhi, kituo cha mafuta. Naandika chooni. Nyuma ya gari wamejaa watu thelathini. Kwaya ilianza na wimbo wa maziko, sasa wanapiga vigelegele. Mimi nimekalishwa mbele, kati ya Otto na Careen. Careen amenishika mkono tangu mtaani! Otto aliuliza tukifika Madaba tukate kulia au kushoto.
Nilisema kulia. Madaba ni pakubwa, wazee wamejaa. Upande wa kulia hapakosi msiba.