Wakwe Wote Wameisoma Skrini, Isipokuwa Mimi

Leo nimejivua nguo ukweni, na suti nilikuwa nimeivaa. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wa Hewa Bora, maana kule habari haina breki.

Mnajua kazi yangu: nakodisha skrini kubwa kwenye sherehe. Mnajua na adui yangu: jua la Lubumbashi mwezi wa Oktoba. Skrini inayong'aa sebuleni, ukiitoa uani saa sita mchana inakuwa kioo cha kujitazamia. Wageni wanaona meno yao tu. Ikikaa sana juani inapata homa, inatoka madoa meusi, halafu inazimika kabisa.

Leo ilikuwa jubilei ya ndoa ya wazazi wa Solange, mchumba wangu. Posa walishapokea, lakini tarehe ya harusi wanaizungusha. Mama mkwe alinitumia ujumbe kupitia mdogo wake wa kike, tantine Godé: "Tuone kwanza hii kazi yake ya écran. Kama iko kazi ya kweli, tutamupa date. Kama hapana, angojee." Basi leo ulikuwa mtihani.

Nikajiandaa! Nikaijengea skrini kibanda cha mbao nyembamba, ndani nikakipaka rangi nyeusi ili mwanga usirukeruke. Usoni nikabandika plastiki isiyong'aa, kiputo kimoja tu kilibaki (sawa, vitatu). Mgongoni nikaweka kitambaa cheupe cha kufukuza joto, na feni ndogo ya kuipepea. Mwangaza nikaupandisha mpaka mwisho. Nikaigeuza skrini ilipe jua mgongo. Kisha nikaiunganisha na simu yangu kwa waya, kila kilicho kwenye simu kitokee pale. Nikatembea hadi langoni, nikageuka. Nasoma kila neno la wimbo wa kwaya! Nilitaka kujipigia makofi. (Nilijipigia, kidogo.)

Sasa kuna jambo la heshima. Kwetu sisi, mkwe mwanaume hamtazami mama mkwe machoni, wala hali chakula mbele yake. Siku nzima! Na macho yangu mimi hayana adabu, yanazurura. Lakini dawa nilikuwa nayo mfukoni: miwani nyeusi niliyoinunua mpakani Mokambo. Muuzaji alinionyesha karatasi ya kijivu, tupu kabisa. Ukivaa miwani, samaki anatokea. Ukivua, hakuna samaki. "Hii iko inachagua mwangaza, patron," akaniambia. Sikuelewa kitu, nikanunua.

Misa ikaisha, watu wakajaa uani, chakula kikaanza. Bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, kuku wa kukaanga na vitunguu. Mama mkwe alikuwa bado ndani anabadilisha nguo. Picha za familia zinapita kwenye skrini, wageni wanashangilia. Mimi nimesimama kando kama mlinzi wa benki, tumbo linanguruma kuliko spika.

Baba mkwe, mzee wa reli aliyestaafu, akainua mkono.

"Mukwe, photo yetu ya ndoa iko murefu. Écran yako inatukata vichwa. Isimamishe!"

Nikaisimamisha wima kama mlango, pamoja na kibanda chake, na picha nikaipanga ifuate. Wakati huohuo mama mkwe akatoka, akaketi mbele yangu kabisa. Haraka nikavaa miwani. Nikageukia skrini.

Giza.

Nyeusi tii! Nikaminya waya. Wapi! Nikagusa feni, inazunguka. Wageni wote wameacha kula, wanatazama mbele. Nikamchungulia mama mkwe kwa pembe ya jicho, nikamwona anajipangusa machozi kwa kitambaa. Jua limeipika skrini yangu, nimeua jubilei, na harusi yangu nimeizika humohumo.

Mtu mzima hapigi mayowe ukweni. Nikajifanya nachunguza kitu kwenye simu, nikamwandikia dada yangu Fifi, aliyekuwa kwake nyumbani.

"Fifi, écran imekufa. Mama mukwe iko analia."

"Eh! Ulibaambia?"

"Bado. Nasimama hapa sawa bendera. Njala inaniua. Ile kuku inanukia, nitalia na mie."

"Kula basi."

"Mbele ya mama mukwe? Lakini niliiba paja moja ku jikoni. Iko mu sanduku ya spika."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Sikujali. (Hapa ndipo malaika wangu mlinzi alipoacha kazi.)

"Na muzee alivaa koti yake ya ndoa," nikaendelea. "Bouton ikiruka, itatoboa muntu jicho."

Nikamwona baba mkwe anafungua vifungo vya koti taratibu, kimoja baada ya kingine, huku ametazama mbele. Nikadhani ni joto.

"Na tantine Godé anacheka sawa treni inapiga honi."

Tantine Godé, aliyekuwa katikati ya kicheko, akakikata hapohapo. Lakini wengine wote wakaangua. Watoto, wanakwaya, hadi wapishi! Nikasema moyoni, ona watu wasio na huruma, wanaicheka maiti ya skrini yangu. Upande wa pili, karibu na keki, Solange ananipungia mikono yote miwili. Nikampungia na mimi. Mapenzi haya!

Ndipo tantine Godé akapaza sauti.

"Mukwe! Ile paja ya kuku uliificha na pilipili ao bila?"

"Tantine... nani alikuambia?"

"Weye! Tuko tunasoma. Andika polepole, bale ba nyuma habayamaliza."

Nikavua miwani.

Yesu wangu. Skrini ilikuwa hai kuliko mimi! Wima, safi, bila mng'ao hata chembe, mazungumzo yangu na Fifi yameijaza juu hadi chini, herufi kubwa kama za bango la kampeni. Langoni kulikuwa na mpita njia na baiskeli yake, mtu nisiyemjua kabisa, anasoma huku amejishika mbavu. Na mama mkwe hakulia kwa huzuni. Alikuwa ameiona picha ya harusi yake ikiwa nzima, na kichwa chake.

Nikavaa miwani tena: giza. Nikavua: paja la kuku. Nikavaa: giza. Kumbe ni miwani, jamani! Ile inayochagua mwangaza. Skrini ikilala, miwani inaupitisha mwanga wake; ikisimama wima, inauzuia wote. Nikarudia tena kuhakikisha, na wageni wakawa wanasindikiza kwa "ooh" na "aah". Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Oktoba ni ngumu.

Baba mkwe akasimama, koti wazi.

"Macho yangu haione tena muzuri," akasema. "Lakini leo nimesoma yote bila lunettes. Hata ile ya bouton."

Hadi sasa sijui kama ilikuwa sifa au hukumu.

Mama mkwe akamnong'oneza tantine Godé, maana haongei nami moja kwa moja. Tantine akanigeukia kwa furaha ya mtu anayelipiza.

"Yaya anasema, toa ile paja." (Yaya ni dada yake mkubwa, yaani mama mkwe.)

Nikafungua sanduku la spika mbele ya ukoo mzima. Nikalitoa paja, limefungwa kwenye karatasi laini, limeshika vumbi. Nikasimama nalo mkononi. Solange amejifunika uso kwa sinia. Nilikuwa na uhakika kwamba ndoa yangu imeishia kwenye kipande cha kuku.

"Yaya anauliza, ni kweli hauwezi kula mbele yake?"

"Ni kweli, tantine. Ni heshima."

Mama mkwe akainuka. Nikajua anaondoka. Akashika kiti chake, akakizungusha, akakaa akinipa mgongo. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, akiuambia ukuta:

"Sasa simuone. Akule. Mumuongezee bukari na ingine kuku, ile iko na vumbi mutupe. Na date tumupe leo, asikufe na njala kwetu."

Uwanja ukalipuka! Akina mama wote wakageuza viti. Wanaume wakafuata. Baba mkwe akawa wa mwisho, na alinikonyeza kwanza. Nikala nimesimama, nimezungukwa na migongo inayotetemeka kwa kicheko. Kuku alikuwa mtamu ajabu. Machozi yalinitoka, na mtu akiuliza, ilikuwa pilipili.

Basi tarehe ninayo, na aibu ninayo ya kunitosha hadi wajukuu. Naombeni msicheke. Na kama ni lazima mcheke, geuzeni viti kwanza.