Wiki ya Kumzuia Bi Zoraide Asihame

Jumatatu, 12 Mei

Siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Bi Zoraide anahama! Ameniambia leo kwenye lifti, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kodi imepanda, nyama haishikiki, hata kahawa ya kunywa umesimama kaunta hapa São Paulo imekuwa ya wenye nazo. Binti yake anamwita kijijini Minas, kwenye nyumba yenye ua na kuku. Atampa jibu Jumapili jioni.

Bi Zoraide ni mjane wa ghorofa ya nne. Mimi niko ya tatu, chini ya jiko lake. Kila siku saa tano namsikia akikaanga kitunguu saumu, huku akijiimbia. Miaka miwili sasa. Sitaki kuishi chini ya jiko la mtu mwingine.

Nikamwambia asubiri kwanza. Mji huu ni ghali kwa wasioujua tu. Anipe wiki moja nimwonyeshe jinsi ya kula, kusafiri na kustarehe karibu bure. Akasema haya, Adalberto, tuone. Clodoaldo wa ghorofa ya pili alikuwa humo humo kwenye lifti, akacheka kwa pua. Karani mstaafu wa benki, ana miaka sabini na anaitaja kama cheo. Na yeye anamtaka Bi Zoraide, usinidanganye.

Kuna kikwazo kimoja kidogo. Bi Zoraide anajua nina miaka hamsini na minane. Anajua kwa sababu nilimwambia mimi mwenyewe. Nina sitini na sita.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya soko la mtaani kwetu. Mpango: kwenda saa ya mwisho, wauzaji wanapoanza kukunja maturubai na hawataki kurudi na mzigo. Bei zinaanguka zenyewe. Bi Zoraide alitaka kwenda asubuhi, nikamzuia mlangoni kabisa, nikamwambia asubuhi huenda wajinga. Tukashuka saa saba na nusu. Muuzaji wa matango akamwona, akapaza sauti, "Mrembo halipi! Ila na tango habebi!" Bi Zoraide akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajua leo ni yangu.

Nikaingia kwenye maparachichi. Nikabishana kama wakili. Nikachukua kreti zima kwa bei ya manne! Maparachichi arobaini. Yote yameiva leo. Yote yataoza kesho.

Bi Zoraide akachukua mawili, akashukuru, akasema anaishi peke yake. Nikageuka kutafuta mtu wa kunisaidia kubeba. Nilipogeuka tena, Clodoaldo yuko naye kwenye kibanda cha kukaangia, amemnunulia sambusa kubwa ya jibini na juisi ya miwa. Bei kamili! Hakuomba hata kupunguziwa! Bi Zoraide anakula amefumba macho. Akaniambia kwa huruma, "Adalberto, kreti zito hilo, utaumia mgongo."

Chakula cha jioni: maparachichi kwa sukari.

Alhamisi, 15 Mei

Kifungua kinywa, maparachichi kwa maziwa. Mchana, maparachichi kwa chumvi.

Leo ilikuwa somo la usafiri. Bi Zoraide alitaka uzi wa kufumia, nikamwambia nampeleka katikati ya mji kwenye maduka ya jumla. Nilisahau jambo moja. Kadi yangu ya basi ni ya wazee. Imeandikwa hivyo, na picha yangu juu. Yeye anayo ya kwake, ana miaka sitini na saba na haoni aibu yoyote. Akaigusisha kwenye mashine, akapita bure. Nami nimeshika yangu ndani ya mfuko, jasho linanitoka.

Nikalipa nauli kamili, pesa taslimu. Mwalimu wa kusafiri bure, abiria pekee wa rika langu aliyelipa.

Halafu viti. Yeye akakaa kwenye vile vya wazee, cha pembeni yake kitupu, akakipigapiga kwa mkono nikae. Nikasema hivyo ni vya wazee, sisi wenye nguvu tunasimama. Dakika hamsini. Nikaikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Msichana mmoja akainuka akasema, "Karibu ukae, babu." Nikamjibu vibaya. Basi zima likanitazama. Bi Zoraide akanikemea, akasema mtoto wa watu ana adabu zake, nami nina nini?

Jumamosi, 17 Mei

Maparachichi yamekwisha, mengine yameisha ndani yangu, mengine kwenye pipa. Sitaki kuyaona tena.

Leo ilikuwa ya chakula kizuri, na hapa ndipo nilipojiamini. Mkahawa wa kupimia: unapakua mwenyewe, sahani inawekwa kwenye mizani, unalipia uzito. Watu hupakua kwa tamaa ya macho. Mimi nimeusoma mchezo huu miaka. Jumamosi kuna maharage meusi yaliyopikwa na nyama za nguruwe, na siri ni kwamba mchuzi ndio wenye uzito. Kwa hiyo nilichukua kijiko chenye matundu, nikachuja nyama kipande kipande, nikikung'uta. Juu nikaweka ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, nyepesi kabisa, na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Foleni nyuma yangu ikafika mlangoni. Mtu mmoja akauliza kama kuna mgonjwa huko mbele.

Mizani ikasoma kidogo mpaka mpimaji akaitingisha. Ushindi!

Mchuzi nikaupata kwa njia nyingine. Pale mlangoni huweka birika la supu ya maharage, bure, ya kuwaliwaza wanaosubiri meza. Nikaenda na kikombe. Nikaenda tena. Safari ya tano mwenye mkahawa akanifuata, akaniuliza kwa upole mbele ya watu kama bado nasubiri meza, maana meza yangu anaiona pale na yule mama anakula peke yake.

Bi Zoraide alicheka mpaka akajifuta machozi. Nilifurahi, ninakiri. Kisha akasema Clodoaldo amemwambia kuna dansi ya wazee kila Jumatano mchana, kwenye ukumbi wa jumuiya karibu na stesheni. Bendi, keki, kahawa, vyote bure kwa wenye miaka sitini na kuendelea. Kitambulisho mlangoni. "Pole, Adalberto, wewe bado mtoto," akasema.

Keki bure. Bendi bure. Na Clodoaldo amemshika kiuno.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya mwisho. Jumapili basi ni bure kwa kila mtu, hakuna kuonyesha kadi. Nilikaa kitini kama mfalme.

Barabara ya Paulista ilikuwa imefungwa kwa magari, kama kila Jumapili. Tulitembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpiga akodioni alipiga nyimbo za kwao kaskazini-mashariki, Bi Zoraide akacheza na mzee mwenye kofia, akacheza na mimi, akacheza peke yake. Tulikula mkate wake na mayai ya kuchemsha kwenye ngazi. Sijawahi kuwa na siku kama hii na sikutoa hata senti.

Kisha akataka sinema. Mkata tiketi akanitazama usoni mara moja tu, akasema nusu bei mbili, wazee. Damu ikanipanda. Nikasema mimi ni wa hamsini na minane. Akasema sawa mzee, lakini nusu bei ni nafuu kwako. Nikapiga kaunta, nikadai nilipe kamili! Nikalipa kamili. Nilibaki bila pesa ya kahawa. Bi Zoraide ndiye aliyeninunulia.

Hapo kwenye kahawa akaniambia hahami. Ameshampigia binti yake. Amesema wiki hii amecheka kuliko mwaka mzima, na mji bado una nafasi ya mtu kama yeye. Moyo wangu ulifanya fujo. Nikamshika mkono.

Akaniachia niushike kidogo, kisha akautoa. Akasema yeye anataka mwenzi wa rika lake, atakayechoka anapochoka yeye. Clodoaldo amemwomba waende dansi Jumatano. "Ungekuwa na hata sitini na tano, Adalberto, ningekwenda na wewe. Wewe unanichekesha, yule ananinunulia tu."

Kadi ilikuwa mfukoni. Nilikuwa naigusa kwa kidole. Nikafungua mdomo. Nikasema ninawahi mechi ya mpira, mimi ndiye winga.

Jumatatu, 19 Mei

Nimezunguka sebule mpaka jirani wa chini amegonga dari. Nimeamua. Ukweli tu, na liwe liwalo. Saa nne nikapanda ngazi, nikabisha hodi, nikamwambia nimemdanganya tangu siku ya kwanza, naomba anisamehe. Akaweka kitambaa cha jiko begani, akasema nimwambie basi, nina miaka mingapi.

Hapo nikapiga hesabu ya haraka. Sitini na sita. Clodoaldo ana sabini. Nitashindwa kwa minne!

Nikasema sabini na mitatu.

Akanikagua kuanzia nywele hadi viatu. Kisha akasema vizuri, nije na kitambulisho Jumatano saa nane, tutaingia pamoja.

Kadi yangu ya kweli nimeificha chini ya godoro isije ikaniharibia. Binamu yangu Deoclécio ana sabini na mitatu, na amekubali kuniazima kitambulisho chake. Shida ni picha, maana yeye ana upara kichwa kizima. Kesho asubuhi naenda kwa kinyozi, nimemtafuta wa bei nafuu.